Steringi kaenda wapi?

Jamani hivi hawa wazungu wa muvi za angani, Star Wars, wanatuchukuliaje? Mi sio mtu wa mambo hayo, mi ni taarifa ya habari, mpira, kulala. Ila ile The Mandalorian ilininasa kwa sababu ya yule mtoto wa kijani mwenye masikio kama popo, Grogu, maana mama watoto alishaanza kumwita mwanangu. Sizoni ya pili ikaisha mtoto anachukuliwa na mwalimu Luke Skywalker akasome mambo ya Jedi, wale wapiganaji wa panga za mwanga, bweni kabisa, baba mtu, yule Mandalorian mwenyewe, kavua helmeti wanaagana, mama watoto analia, na mi nikatoka nje kuangalia kama geti limefungwa. Hatuna geti.

Ikaja sizoni ya tatu, 2023. Nimeweka umeme wa elfu tano, watoto nimewafukuza wakalale, nimekaa. Nafungua hivi, mtoto yuko kwenye ndege na baba yake wanakula upepo. We! Nikajua flashi imeruka. Nikarudisha nyuma, nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena, mtoto bado yupo. Nikampigia dogo wa kibandani aliyeniwekea, nikamwambia umenipunja wewe. Ananijibu kwa upole kabisa, "Mzee, hiyo stori iko kwenye sizoni nyingine, ya Boba Fett. Buku mbili." Yani mwanangu kaacha shule, halafu taarifa imepelekwa nyumba ya jirani!

Basi nikatoa buku mbili. The Book of Boba Fett, episodi saba tu, nikasema nitamaliza jumamosi. Huyu Boba ndo yule aliyedumbukia kwenye shimo la lidude la jangwani tangu muvi ya 1983, watu tulishamaliza arobaini, kumbe alitoka, ila alivyotoka wamekuja kutuonyesha mwisho wa 2021. Sasa kawa bosi wa mji. Bosi gani lakini? Hataki kubebwa kwenye kiti, anatembea juani kwa mguu, na muda mwingi amelala kwenye karo la maji anaota mambo ya zamani. Mi nikijinyoosha saa nane mchana naambiwa mvivu.

Nisiwe mchoyo, ile alivyokaa na watu wa jangwani, Tusken, ni tamu. Wanampiga, wanamfunga, mwisho wanamfundisha fimbo na anacheza nao ngoma motoni. Mwigizaji mwenyewe Temuera Morrison ni Mmaori wa New Zealand, mzee mzima, na inaonekana kachota mambo ya kwao, ile miguu haikufundishwa na dairekta. Hata jina la sayari yenye hilo jangwa, Tatooine, limeokotwa kwetu Afrika, Tunisia kuna mji unaitwa Tataouine, na muvi ya kwanza ya 1977 walienda kupigia hukohuko Tunisia. Hii ya juzi wamejifungia studio California. Vumbi letu limeshawachosha.

Halafu kuna vijana wameiba maji kwa sababu muuzaji kapandisha bei. Hapo nilikaa vizuri, nikasema hii sasa ni ya mtaani kwangu kabisa, tuone bosi atafanyaje. Bosi kawapa kazi! Na hao vijana wana vipikipiki vya rangirangi vinang'aa kama pipi, wakaja kumkimbiza mtu mjini kwa spidi ambayo bodaboda wa kwetu angewapita huku anajibu meseji na kabeba magunia mawili.

Sasa njoo episodi ya tano. Boba hayupo. Sisemi kaonekana kidogo, nasema hayupo, tangu mwanzo hadi mwisho ni yule Mandalorian anazunguka na mambo yake, anatengeneza kindege. Ya sita ndo katokea, kasimama kwenye kikao kama mlinzi wa benki, hajafungua mdomo, huku Luke anamfundisha mtoto kuruka na vyura. Yani umekodi turubai, umepika pilau, kadi zina jina lako, halafu MC anamtangaza jirani! Mtoto kaambiwa achague, panga la mwanga au fulana ya chuma aliyoletewa na baba, kachagua fulana. Ya saba huyo karudi, wakati Boba yuko juu ya lidude jingine linabomoa mji, na wala sikumwangalia, na mimi nilikuwa naangalia mtoto.

Mama watoto kauliza, "Huyu mwenye picha kwenye kava ni nani?" Nikamwambia mwenye shughuli.

Jana nikapita kibandani kimyakimya. Dogo ananiambia mzee sasa ufuate sizoni ya Ahsoka, ila hiyo hutaielewa mpaka uone kwanza Rebels. Rebels ni nini? Katuni, sizoni nne. Mi nina miaka 46, nina mkopo wa saccos na mtoto yuko form two.

Nikamuuliza zote nne utaniwekea kwa shilingi ngapi.