Kompyuta Yangu Inaishi London, Mimi Naishi Buza

Jumatatu mteja kanirudishia risiti kwa kuitupa juu ya kaunta. Risiti inasema saa tano na dakika kumi, saa ya ukutani inasema saa nne na dakika kumi, na neno "utapeli" limeshatamkwa mbele ya foleni. Nikajikohoza kidogo, kama inavyompasa mhasibu msaidizi, nikamwambia: mheshimiwa, huo si utapeli, hiyo ni Uingereza.

Maana kompyuta yenyewe inayotoa risiti ni mtumba wa huko. Aliyetuuzia hakujisumbua kuihamisha uraia. Alisogeza saa mbele kwa mkono mpaka ikalingana na ya Dar, akazima ile habari ya kujisahihisha kwa intaneti, akachukua hela yake. Moyoni ikabaki ya London. Sasa wenzetu kila Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele lisaa lizima, na yenyewe ikasogea nao, usiku, ofisi imefungwa, bila kumuaga mtu.

Eti wanatafuta mwanga. Nimesoma kuwa mjenzi wa nyumba mmoja wa Uingereza, William Willett, ndiye aliyelivalia njuga jambo hili mwaka 1907, kisa watu wanalala jua limeshatoka. Akafa 1915, serikali yake ikaja kukubali mwaka uliofuata, Wajerumani wameshaitangulia. Haya, mimi nahusikaje? Jua la Dar halipishani hata lisaa mwaka mzima. Sisi hatuna uhaba wa jua, tuna uhaba wa feni.

Jioni tukafunga saa kumi na moja ya kompyuta. Bosi akatukuta getini, saa yake ya mkononi inasema saa kumi. Hayo tuyaache.

Kesho yake nikaipakata kwenye bodaboda mpaka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii inakimbia lisaa."

"Ilidondoka?"

"Haijadondoka. Ipo London."

Akaitazama pale mezani, akanitazama mimi, akavuta stuli nikae. Akaiwasha, akabofya bofya, akacheka peke yake. "Mzee, iachie tu. Oktoba inarudi yenyewe."

"Miezi saba, dogo?"

"Si inarudi bure?"

Nikamwambia ofisi ile inatoa risiti. Akafungua orodha ya miji ya dunia. Tukaitafuta Dar es Salaam. Kabul ipo. Kathmandu ipo. Kuna visiwa vya bahari ambavyo sidhani kama vina hata daladala, vipo. Dar hamna. "Sisi tunaingia Nairobi," akasema, kwa sauti ya chini. Jirani yake anayeuza chaja akageuka. Ndugu zangu, mji wenye bandari, wenye mwendokasi, wenye foleni inayoheshimika Afrika nzima, uingie Nairobi? Nikasema Nairobi hapana, nina msimamo wangu.

Fundi akakuna kichwa. "Sasa hivi saa ngapi, mzee?"

"Saa nane."

"Nikikuweka Nairobi itakuandikia 2:00 PM. Utaanza kujumlisha sita kichwani. Ujumlishe wewe, wakati umeme unalipia?"

Swali zito. Wakati bado nalipima, akapanda na orodha, akabofya Buenos Aires. Ajentina! Skrini ikaandika 8:00. Muuza chaja akapiga makofi: "Hapo sasa! Saa nane!"

"Lakini imeandika AM," nikasema. "Saa hizi jua la utosi."

"AM soma mchana, PM soma usiku. Na hawa hawasogezi saa, mzee. Wametulia kama sisi."

Nimehesabu njia nzima kurudi, na kinachoniuma ni kwamba yule mtoto yuko sahihi. Saa moja asubuhi inasema moja. Saa moja usiku inasema moja. Mpaka tarehe inabadilika alfajiri saa kumi na mbili, kama bibi yangu alivyokuwa anahesabu.

Ila bosi hajui habari za Ajentina. Kafungua hesabu za mauzo, kaona faili limehifadhiwa 3:20 AM. Kamwita mlinzi: nani anaingia ofisini saa tisa na dakika ishirini usiku? Mlinzi, ambaye muda huo huwa amejifunika blanketi hadi masikio, akaapa aliniona kwa macho yake nikiingia, na akanisalimia! Sasa bosi ananitazama kwa wasiwasi, mlinzi ananidai soda.

Na fundi naye. Namuuliza bei, anasema "wewe mzee wangu, nipe elfu tano tu," halafu anavuta droo anatoa kadi ya mchango wa harusi. Mtu ndiyo kwanza nimemjua! Singo elfu hamsini, dabo laki. Ukumbi uko Mbezi, mimi natoka Buza, nauli ya kurudi usiku hakuna kamati inayoijadili. Harusi ya mwisho niliyolipia dabo, chakula kilitoka saa tano usiku, meza za mbele wakabeba kuku kwenye mifuko, mimi na mama watoto tukapewa wali na maelezo. Na mwenyekiti wa kamati, kipaza sauti mkononi, anatukumbusha waliobakiza ahadi zao wamalizie mlangoni!