Ndala Mbili za Kushoto

Shughuli za mjini nazigawa mafungu matatu. Kuna za kuacha na kurudia, kama mahindi mashineni na viatu kwa fundi. Hizo zinatangulia, ziive zenyewe huku unahangaika kwingine. Kuna za foleni zenye saa ya kufunga, mfano benki siku ya Jumamosi. Mwisho kabisa ni za kubeba. Ukianza na mtungi wa gesi utazunguka nao Arusha nzima kama mmefunga ndoa.

Jumamosi moja ya Aprili nikatoka Sakina saa mbili asubuhi na debe la mahindi. Mke wangu alinishauri nizigawe kwa siku mbili. Nikamcheka.

Kituo cha kwanza mashine, Ngarenaro. Nikaagiza dona. Sembe lazima yapite kwanza kukobolewa ndipo yasagwe, maana yake foleni mbili. Jina nikaandika kwa maka pen kwenye mfuko wenyewe, kwa sababu kikaratasi cha kubandika kinabanduka na vumbi la unga. Nikawaambia wasiufunge. Unga unatoka kinuni ukiwa wa moto. Ukifungwa hapo hapo unatoa jasho, kesho kutwa unanuka uvundo. Hadi hapo, mwalimu mzima.

Cha pili fundi viatu, chini ya mti karibu na Soko Kuu. Kiatu cha kulia soli ilikuwa imeachia kuanzia kidole gumba, kila hatua inanipigia makofi. Yule fundi haharakishwi, na ana haki. Gundi inapakwa pande zote mbili, inaachwa kama robo saa mpaka ukiigusa isishike kidole, ndipo unagandamiza na kugonga nyundo, halafu unashona kwa uzi wa nailoni. Anayekugandamizia gundi ikiwa mbichi anakuandalia safari ya pili.

"Saa nzima," akasema, akanirushia ndala za kusubiria.

Watu wenye akili zao hukaa kwenye benchi wakasoma magazeti ya juzi. Mimi nikaona saa nzima inamwagika chini. Nikaondoka na ndala.

Kufika ng'ambo ya barabara nikahisi mguu wa kulia unalalamika. Kutazama: moja bluu, moja kijani, zote za kushoto. Kila moja imetobolewa tundu kisiginoni, alama ya mwenye mali. Baadaye nilielewa kwamba fundi huzichagua hivyo kwa makusudi, maana pea iliyokamilika huondoka na mteja. Za namna ile hata mwizi anaziruka.

Nikafika benki karibu na Mnara wa Saa nikiwa nimepinda kama gari lililovunjika springi upande mmoja. Mlinzi akanitazama miguu, akanitazama uso, akarudi miguuni. Aliponipisha alinifuata hadi kwenye foleni. Picha za pasipoti zilikwenda salama. Ndiyo huduma pekee siku ile iliyoishia kifuani.

Saa sita mvua ikashuka. Masika ya Arusha huwa haipigi hodi. Nikarudi chini ya mti mbio, kama unaweza kuiita mbio, nikakuta mti peke yake. Gundi na maji hazipatani, kwa hiyo fundi alikunja turubai, akahifadhi sanduku kwenye duka la jirani, akaenda zake. Duka nalo limefungwa. Viatu vyangu vimo ndani.

Simu ikaita. Mama mkwe. Tulimtarajia Jumatatu.

"Baba Neema, nimeshashuka kwenye Coaster. Nipo hapa stendi."

Nikamkuta kajikinga chini ya bati, mkungu wa mshare miguuni, katoka nao Moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Macho yakashuka taratibu, yakatua kwenye bluu, yakahamia kijani. "Kazini kwema?"

Nikaanza kumweleza. Mafungu matatu, za kuacha na kurudia, foleni, saa nzima niliyoiokoa. Kadiri nilivyofafanua ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Bajaji akalipa yeye. Tulipofika nyumbani akanishika mkono kwa nguvu, akaniachia noti ya elfu kumi kiganjani, akanong'ona, "Mwanangu asijue."

Unga ulilala mashineni, mdomo wazi kama nilivyoagiza. Gesi, shughuli ya mwisho, sikuifikia, na jikoni mtungi ulikuwa unakohoa. Jumapili mama mkwe akatoa jiko la mkaa nje, akamenya ndizi, akapika mtori. Ulikuwa mtamu, ila kwa mbali ulikuwa na harufu ya gereji.

Jumatatu asubuhi nikatafuta ndala mlangoni nizirudishe. Hakuna.

"Yale matakataka?" mama mkwe akauliza. "Si ndiyo niliwashia mkaa jana."

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, viatu vyangu kavificha nyuma ya mgongo, vimeshonwa vizuri sana. Akawaza kidogo.

"Niletee nyingine," akasema. "Ila zisifanane."