Rekodi za hebaria za miti ya eshi: tuziamini kwa kiasi gani?

Mwaka 2002, mbawakawa wa kijani kutoka Asia, Agrilus planipennis, aligunduliwa karibu na Detroit. Tangu hapo miti ya eshi (jenasi Fraxinus, familia moja na mzeituni) imekufa kwa mamilioni Marekani na Kanada, kwa sababu buu wa mbawakawa huyo hula tabaka laini chini ya gome na kukata njia ya chakula cha mti. Mwaka 2017 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliziorodhesha spishi tano za huko kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sasa watafiti wanafungua makabati ya hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, ili wachore ramani ya mahali eshi pori ilipoota kabla ya maafa hayo. Je, rekodi hizo zinaubeba mzigo huo?

Hoja ya kuziamini ni nzito. Nyuma ya kila rekodi kuna tawi halisi, limebandikwa kwenye karatasi ngumu ya takriban sm 29 kwa 42. Ukilitilia shaka jina, unalitazama upya, hata baada ya miaka 100. Kipande kidogo cha jani kinaweza pia kutoa vinasaba vya mti uliokwisha kuoza.

Lakini jina lililo kwenye lebo ndilo linalosumbua zaidi. Eshi nyeupe (F. americana) na eshi kijani (F. pennsylvanica) hufanana mno: kwa kawaida jani huwa na vijijani 5 hadi 9 kwa zote mbili. Tazama kovu linaloachwa na jani lililodondoka. Kwa eshi nyeupe limebonyea juu kama herufi U, na jicho la tawi limekaa ndani ya bonde hilo. Kwa eshi kijani ukingo wa juu umenyooka na jicho limekaa juu yake. Tunda nalo husaidia: ubawa wa eshi kijani hushuka ubavuni mwa mbegu hadi karibu katikati, ule wa nyeupe huishia karibu na ncha ya mbegu. Tatizo ni kwamba mti dume hauzai, na wakusanyaji wengi walikata ncha ya tawi yenye majani tu. Jina la karatasi kama hiyo mara nyingi ni dhana, na kwenye ramani lingefaa kusomeka Fraxinus tu, bila jina la spishi, mpaka mtu alithibitishe kwa hadubini: upande wa chini wa jani la eshi nyeupe umejaa vinundu vidogo vinavyoupa weupe.

Kuna suala la upori pia. Ugonjwa ulipoangamiza miti ya elmu ya barabarani, miji mingi ya Marekani ilipanda eshi kijani mahali pake. Lebo isiyosema "umepandwa" huingia kwenye hesabu ya miti pori bila kuulizwa. Lebo za zamani nazo mara nyingi hutaja kaunti tu, na anayeingiza data huweka nukta katikati ya kaunti. Pasipo kuandika kiasi cha shaka kwa mita, yaani nukta inaweza kuwa mbali kiasi gani na mti wenyewe, eshi nyeusi (F. nigra), mti wa kinamasi, huonekana imeota kilimani.

Kwa maoni yetu, rekodi hizi zinafaa kuonyesha kaunti gani ilikuwa na eshi. Hazifai kueleza msitu fulani ulikuwaje. Na kukosekana kwa rekodi si ushahidi wa kukosekana kwa mti, maana wakusanyaji walifuata barabara.

Wapo wanaosema tuache kukata matawi ya miti iliyosalia kwa ajili ya hebaria. Tawi moja la sm 30 haliuui mti mkubwa. Kung'oa mche ndiko kunakodhuru. Kata sehemu yenye ukuaji wa mwaka jana ili kovu lionekane, pamoja na tunda likiwepo, na vijijani vinavyodondoka uvitie kwenye bahasha ya karatasi hiyo hiyo. Andika kama mti ni pori, na kama gome lina matundu ya umbo la D yenye upana wa mm 3 hadi 4, ambayo mbawakawa huyo hutokea. Kabla ya kuingiza kabatini, gandisha kwa nyuzi -20 za Selsiasi kwa wiki moja, wadudu wafe.