Milango minane ikiwa mitatu

Nyumba ya korido ya Mabatini au Igogo, mitaa ya mlimani jijini Mwanza, unaijua ukiiona: vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani banda la vyumba viwili, choo kimoja cha shimo, mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Milango minane, kaya nane. Wanunuzi wenye mtaji wanazitaka nyumba hizi ili wabomoe kuta za ndani na kutoa nyumba tatu, kila moja na sebule, jiko na choo cha ndani.

Anayetaka zibaki zilivyo hajasimama foleni ya choo saa kumi na moja alfajiri. Halafu kuna umeme. Mteja wa daraja la D1, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya makato. Kaya nane kwenye mita moja haziwezi kubaki humo, hivyo mwenye balbu mbili na redio analipia bei ya juu aliyoletewa na pasi ya jirani.

Kwa hiyo ukarabati unahitajika. Kinachoponza ni kubomoa. Nyingi ya kuta hizo ni tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo. Ukitoboa ukuta uunganishe vyumba, panahitajika linta ya zege, yaani boriti ya kubeba ukuta juu ya uwazi, yenye nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20, na mirunda ibaki chini yake siku 14. Fundi wa haraka huweka ubao, na baada ya masika mbili ufa umefika darini.

Choo cha ndani ni kesi nyingine. Bomba la inchi 4 linataka kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita, na mlimani hilo si tatizo. Tatizo ni shimo: unachimba kidogo tu, unagonga jabali. Shimo la kunyonya halinyonyi, majitaka yanaibukia kwa jirani wa chini, kisha Mto Mirongo, kisha Ziwa Victoria. Kama bomba la majitaka halijafika mtaa huo, vyoo vitatu vya ndani ni kumhamishia jirani uchafu.

Sasa pesa, kwa mfano tu. Vyumba vinane kwa 40,000 ni 320,000 kwa mwezi. Nyumba tatu kwa 150,000 ni 450,000. Ongezeko ni 130,000. Ukitumia milioni 9 kubomoa na kujenga, zinarudi baada ya miezi 70. Sasa chukua milioni 2.5: bati, nyaya mpya, mita ndogo kila mlango, choo cha pili uani. Pandisha kodi 10,000 kwa chumba, unapata 80,000 zaidi kila mwezi. Miezi 32 umemaliza.

Aliyehamishwa anaenda Buhongwa au Kishiri, pembezoni mwa jiji. Kama ni mpakua dagaa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, tuseme nauli ni 600 kwenda na 600 kurudi: kwa siku 26 ni 31,200, zaidi ya robo tatu ya kodi ya chumba alichoacha. Na tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, ulinzi wake mkubwa ni mkataba wake, nao mara nyingi ni wa miezi sita.

Mwenye nyumba naye ana hoja: wapangaji wanane ni ugomvi wa maji, ufagio na madeni mara nane. Na anayenunua ili auze tena hatasikia habari ya miezi 32, maana mteja wake anaangalia vigae na choo cha ndani, hahesabu milango.