Mbu wa Pemba Hawakuizoea Dawa

Pakizungumzwa malaria barazani, Wete au Chake Chake, hapachelewi kutokea wa kusema kuwa mbu wameshaizoea dawa. Maneno hayo yana chanzo. Mwaka 2006 Unguja na Pemba zilianza kupigwa dawa majumbani, lamda-sihalotrini ya kundi la pairethroidi, kundi lile lile linalotiwa kwenye vyandarua. Malaria ikashuka sana. Miaka michache baadaye Pemba wakaonekana mbu wanaotua juu ya dawa hiyo na kuondoka wazima, ikabidi kuhamia dawa za makundi mengine, bendiokabu, kisha pirimifosi-metili. Aliyesema dawa imepungua nguvu hakukosea. Kosa liko kwenye neno "kuzoea", na ni kosa linaloathiri maamuzi.

Mtu huzoea pilipili: leo inamtoa machozi, mwakani anaila bila shida, na ni mtu yule yule. Kwa mbu jambo haliendi hivyo, na kipimo cha usugu, yaani uwezo wa mbu kuhimili dawa, kinaonesha. Viluwiluwi hukusanywa mabondeni na kulelewa mpaka wawe mbu. Majike wa siku 3 hadi 5, ambao hawajanyonya damu, hutiwa 25 kwa 25 katika mirija minne iliyozungushiwa ndani karatasi yenye dawa, kwa lamda-sihalotrini ni asilimia 0.05. Mirija miwili mingine huwa na karatasi ya mafuta matupu, ya kulinganishia. Baada ya saa moja mbu huhamishiwa mirija safi, wakapewa pamba ya maji ya sukari, na maiti huhesabiwa baada ya saa 24. Wakifa 98 au zaidi katika 100, dawa inaua. Wakifa chini ya 90, usugu upo. Kipimo hiki huharibika kirahisi: karatasi ikipitwa na wakati mbu watapona bure na utadhani ni sugu, viluwiluwi wakitoka dimbwi moja tu, huenda umepima watoto wa mama mmoja ukasema umepima kisiwa.

Sasa watazame waliobaki hai. Wamekulia kwenye beseni la maabara, hawajapata kutua kwenye ukuta wenye dawa hata siku moja, na hawakupewa muda wa kujifunza. Kinga yao wametoka nayo kwenye yai. Ama jeni moja imebadilika herufi na sehemu ya mshipa wa fahamu inayoshikwa na dawa haishikiki tena vizuri, au mwili unatengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijafika. Ukiwapa kwanza PBO, kemikali inayovizuia vimeng'enya hivyo, kisha dawa ikaanza kuua tena, umejua ni njia ya pili. Ndiyo maana vipo vyandarua vilivyoongezwa PBO.

Tupige hesabu ya mfano. Katika mbu 10,000, kumi tu wana jeni hiyo. Dawa inaua asilimia 95 ya mbu wa kawaida na nusu ya wenye jeni. Wanabaki kama 500 wa kawaida na 5 wenye jeni: kutoka mmoja katika elfu, wamefika mmoja katika mia. Wakizaana wakajaa tena na dawa ikapigwa, kizazi cha pili kinawaacha karibu mmoja katika kumi na moja. Cha tatu, nusu kwa nusu. Mbu mmoja mmoja hakubadilika chochote. Kilichobadilika ni jamii yao, na mabadiliko ya namna hii, kizazi hadi kizazi, ndiyo yanayoitwa mageuko. Na kizazi cha mbu, kwa joto letu, ni wiki mbili hadi tatu.

Hapa ndipo wenye shaka wanapouliza swali ambalo haifai kulipuuza. Wanasema: chekecheo huchuja unga, haliumbi unga. Mbu sugu walikuwamo tangu mwanzo, na mbu bado ni mbu. Iweje mchujo huu uitwe mageuko?

Nusu ya kwanza ya hoja ni kweli. Uteuzi asilia, yaani mchujo wenyewe, hauumbi jeni. Jeni mpya hutokana na makosa ya kunakili DNA, nayo hutokea bila kujali kama mbu anayahitaji. Lakini mabadiliko haya ya mshipa wa fahamu yametokea zaidi ya mara moja, mahali mbalimbali, kwa hivyo si lazima yote yawe akiba ya zamani. Makosa yanaleta, dawa inachuja. Wataalamu wakisema mageuko wanakusudia viwili hivyo kwa pamoja.

Nusu ya pili, "mbu bado ni mbu", ni dhaifu zaidi ya inavyosikika. Mbu wawili wa malaria, Anofelesi gambiae na Anofelesi arabiensis, huwezi kuwatofautisha kwa macho, hata kwa darubini. Hutenganishwa kwa kipimo cha DNA. Hata hivyo wakizalishwa pamoja, watoto wao wa kiume ni tasa. Ni spishi mbili, na utengano wenyewe haujakamilika, kwani watoto wa kike huzaa. Visiwani kwetu gambiae, anayependa kuuma watu na kupumzika ndani, amepungua sana. Arabiensis, anayeuma hata ng'ombe na kupumzika nje, ndiye aliyetawala. (Hilo ni spishi moja kuichukulia nafasi nyengine, lisichanganywe na usugu.)

Nakubali kwamba miaka michache ya dawa haithibitishi peke yake spishi mpya hutokeaje. Kwa hilo inabidi kutazama muda mrefu, na bahari yetu inasaidia. Miaka kama 20,000 iliyopita usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takriban mita 120. Mkondo wa Unguja ni wa maji mafupi, ukakauka, kisiwa kikaungana na bara. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, Pemba ikabaki peke yake. Leo Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwengine duniani: ninga wake, bundi mdogo, chozi, na yule mdogo mwenye duara jeupe machoni. Unguja haina hata mmoja wa namna hiyo. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, hafuati mpangilio huu, na anayetaka kubishana ana haki ya kumtaja. Kwa ndege, hata hivyo, ramani ya kina cha maji inalingana na orodha.

Kwa dawa, ugomvi ni huu. Wako wanaotaka dawa zizungushwe kila baada ya muda, kwa hoja kwamba vimeng'enya vingi vinamgharimu mbu, hivyo dawa ikiondoka sugu hupungua. Wengine wanasema gharama hiyo mara nyengine ni ndogo, jeni hubaki, na dawa mbadala ni ghali, na bendiokabu haikai ukutani muda mrefu. Kwao, bora kupiga kwenye shehia zenye wagonjwa tu. Naona kuzungusha kuna maana, ila kwa kubadilisha kundi. Kutoka lamda-sihalotrini kwenda deltametrini ni kubadilisha chupa, kwani zote ni pairethroidi.

Na zote mbili zinauzwa madukani kwa wakulima. Anayepiga mboga kisha akasuuza bomba lake kwenye dimbwi la bonde la mpunga, mabaki yake huua viluwiluwi dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Mbu hao huingia majumbani wakiwa wameshachujwa kabla mpiga dawa hajabisha hodi.