Acheni kuwauzia watu wa Kigoma tarehe za soko la hisa

Shemeji yangu ananunua dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, na kuwapeleka bara. Juzi kanionyesha ujumbe aliotumiwa mwezi Aprili kwenye kundi la WhatsApp analolilipia ada: chati ya hisa za benki moja, mawimbi mawili ya rangi yamechorwa juu yake, na chini yake agizo. Usinunue sasa, mzunguko wa bei unashuka, subiri bonde, yaani bei ya chini kabisa, la mwisho wa Juni. Akasubiri. Daftari la wanahisa wanaostahili kulipwa likafungwa jina lake halimo, wenzake wakalipwa gawio, yaani fungu lao la faida, na hilo bonde halikuonekana.

Nimekasirika, na sababu kubwa ni kwamba wamemnasa kwa kitu anachokijua vizuri kuliko wao. Mtu wa Kibirizi humfundishi mzunguko. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi ya dagaa inalala ufukweni, maana mwanga ukishatanda ziwani taa za wavuvi hazikusanyi tena samaki. Dagaa wanaadimika, bei inapanda. Giza likirudi, inashuka. Hesabu hiyo imemsomeshea watoto. Alipoambiwa kwamba hisa nazo zina mwezi wake, aliamini upesi. Lakini mzunguko wa dagaa una sababu, unainua macho unaiona. Wa kwenye ile chati sababu yake ni nini? Niliuliza kwenye kundi. Jibu likaja kwamba chati haidanganyi.

Inadanganya, jamani, na jambo hili linajulikana karibu miaka mia sasa! Mwaka 1927, huko Moscow, mwanauchumi Eugen Slutsky alichukua namba zilizotoka kwenye droo ya bahati nasibu ya serikali, namba ambazo moja haijui habari ya nyingine. Akazijumlisha kumi kumi: ya kwanza hadi ya kumi, kisha ya pili hadi ya kumi na moja, akaendelea hivyo hivyo. Alipochora majumlisho hayo, yakatoka mawimbi yenye vilele na mabonde. Akayaweka sambamba na mchoro wa kupanda na kushuka kwa biashara Uingereza kati ya 1855 na 1877, na yakafanana mno. Namba za bahati nasibu! Hakuna aliyezipanga, hakuna kilichozisukuma; mawimbi yalizaliwa na kule kujumlisha. Sasa ule mstari laini mnaouchora juu ya bei, wastani unaosogea, ni hesabu hiyo hiyo ya Slutsky, ila jumla imegawanywa kwa idadi ya siku. Mnailainisha bei, kulainisha kunazaa wimbi, kisha mnamwambia baba wa watu aweke akiba yake kwenye wimbi mlilolitengeneza wenyewe.

Slutsky aliifanya kazi hiyo kwenye taasisi iliyoongozwa na mwanauchumi Nikolai Kondratiev, huyo huyo mnayemtaja kwa mawimbi yake ya miaka hamsini hivi. Na Kondratiev alikuwa na takwimu za mawimbi mawili na nusu tu.

Tuje nyumbani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998. Mnapenda pia mizunguko ya biashara iliyopewa majina ya wachumi. Wa Joseph Kitchin, ule wa miezi 40 hivi, tangu hapo haujatimia hata mara tisa. Wa Clément Juglar, wa miaka saba hadi kumi na moja, haujafika hata mara tano. Utajifunza nini kwa mifano minne? Tena zipo kampuni ambazo siku nzima hainunuliwi wala kuuzwa hata hisa moja. Bei unayoiona ni ya mauzo ya mwisho, na programu inaichora kana kwamba ni ya leo.

Kuna wanaomfuata J. M. Hurst, Mmarekani wa miaka ya 1970, mwenye orodha ya mizunguko ya bei za hisa kuanzia miaka 18 hadi siku chache. Kwa orodha ndefu kiasi hicho, tarehe yoyote utakayoitaja itaangukia karibu na bonde la mmojawapo.

Msimu upo, hilo nalikubali shingo upande. Benki zikitangaza gawio, wanunuzi huongezeka kabla daftari halijafungwa, na likishafungwa bei inaweza kulegea kwa kuwa mnunuzi mpya halipwi. Huo nao una sababu, na unausoma kwenye tangazo la kampuni. Ndio msimu ambao shemeji alizuiwa kuingia.

Na hata mzunguko wenye sababu huvunjika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mbalamwezi ilikuja na kuondoka kama kawaida, mitumbwi ikabaki nchi kavu. Mnunuzi aliyesikia tangazo alijipanga. Aliyehesabu mwezi peke yake aliumia.

Kuingia na kutoka nako kuna gharama: dalali anachukua chake ukinunua, anachukua tena ukiuza.

Kwa hiyo nawaambia mnaoendesha makundi haya. Wekeni hadharani tarehe zote mlizotabiri mwaka mzima uliopita, zilizotimia na zisizotimia, pamoja na bei ya siku ile, ada za dalali na gawio lililopotea wakati watu wanasubiri. Shemeji ana ujumbe wenu wote kwenye simu, na ameniruhusu kuulinganisha na orodha mtakayotoa.