Nyumba Isiyompa Mgeni Jembe

Hebu jaribu kuhesabu mahali ambapo mtu anaweza kuketi saa tatu mfululizo, ndani, penye mwanga na kiti, bila kununua chochote na bila kuulizwa amefuata nini. Mgahawani ataulizwa anakula nini kabla hajatulia. Ofisini ataulizwa ana miadi na nani. Katika nyumba za ibada atapokewa vizuri, lakini lipo jambo linalotarajiwa kwake. Hata kwa ndugu, wahenga walikwisha sema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hesabu yangu inabaki maktaba ya umma, na kwa sababu hiyo naithamini kwa viti vyake kuliko hata kwa rafu zake, ingawa najua wapo wakutubi ambao hawatapenda kusikia hivyo.

Hali hiyo ya kuingia bure haikujileta yenyewe. Mwaka 1833 wakazi wa Peterborough, mji mdogo katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, walikubaliana kutumia fedha za umma kuendesha maktaba iliyo wazi kwa kila mkazi, na mwaka 1850 Uingereza ikapitisha sheria iliyoiruhusu miji kutumia kodi kwa kazi hiyo hiyo. Tajiri Andrew Carnegie, ambaye fedha zake zilisaidia kujenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali, alikuwa na sharti ambalo mimi naliona lina busara kuliko majengo yenyewe: mji uliotaka msaada wake ulipaswa kutoa kiwanja, kisha kuahidi kutenga kila mwaka, kwa ajili ya uendeshaji, fedha zinazolingana na sehemu moja ya kumi ya kiasi alichotoa. Kwa utaratibu huo anayeingia maktabani hajafadhiliwa na mtu. Amekwisha kulipa, yeye na majirani zake, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumkabidhi jembe.

Tazama basi wanaoketi humo. Yupo mwanafunzi ambaye nyumbani kwao meza ni moja na watu ni wanane. Yupo mzee aliyestaafu, anayesoma gazeti polepole mpaka kwenye matangazo ya vifo, kwa sababu akimaliza itambidi arudi katika nyumba isiyo na mtu. Yupo anayejaza maombi ya kazi kwenye kompyuta ya maktaba, na mama aliyemleta mtoto asikilize hadithi huku naye akipumua kidogo. Pengine hawa wote hawatasemezana hata neno moja, na bado kila mmoja atakuwa amekaa na wenzake. Mwanasosholojia Ray Oldenburg alieleza mwaka 1989 umuhimu wa mahali pa tatu, pasipo nyumbani wala kazini, akaweka mazungumzo kuwa kiini chake. Nakubaliana naye kuhusu mikahawa na vinyozi, lakini naona maktaba inamhifadhi mtu ambaye mahali hapo pengine pamemsahau, yaani yule asiye na la kusema, au asiye na wa kumwambia.

Hapo ndipo linapozuka swali la kelele. Nikiri kwamba mimi ni miongoni mwa wanaogeuza shingo simu ya mwenzangu inapolia. Hata hivyo, kuwataka watu wakutane na papo hapo kuwakataza kufungua midomo ni kujipinga wenyewe. Maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa Helsinki mwezi Desemba 2018, ililitatua jambo hili kwa ngazi: vitabu viko ghorofa ya juu kabisa, katikati ziko karakana zenye cherehani na vyumba vya kurekodia muziki, na chini ni ukumbi wa mikutano na matukio. Miji mingi haina fedha za jengo la namna hiyo. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika, hata hivyo, kinatosha kwa kuanzia.

Kikwazo kikubwa zaidi ni masharti. Niliwahi kuinuliwa kitini katika maktaba moja kwa sababu kitabu nilichokuwa nikisoma kilikuwa changu, na viti, niliambiwa, ni vya wasomao vitabu vya humo ndani. Faini nazo hufanya kazi hiyo hiyo kimyakimya: mtoto aliyechelewesha kitabu, na ambaye mzazi wake hana cha kulipa, hapotezi kitabu kimoja tu, kwa kuwa ataogopa hata kupita karibu na mlango. Chicago ilifuta faini za ucheleweshaji mwaka 2019, na vitabu vilivyokuwa vimefichwa majumbani vikaanza kurudi; New York ikafuata mwaka 2021.

Sisemi kwamba kufungua mlango kwa wote hakuna gharama. Mlango ulio wazi huwaingiza pia wasio na pa kulala na wenye maradhi ya akili, na mkutubi aliyesomea kupanga vitabu hujikuta akibeba mzigo ambao hakufundishwa kuubeba. Maktaba ya umma ya San Francisco iliajiri mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwaka 2009, hatua ambayo naiona ya haki kwa pande zote mbili.

Limebaki suala la saa. Maktaba inayofungwa saa kumi na moja jioni na isiyofunguliwa siku za mapumziko inawahudumia watu wasio na kazi wala shule, kisha inalalamika kwamba watu wameacha kusoma. Ningeulizwa fedha kidogo zilizopo ziende wapi, ningesema kwamba kabla ya kununua kompyuta nyingine, alipwe mtu wa kukaa na ufunguo hadi saa tatu usiku.